Theluthi Isiyo Yangu

Fomu ya kozi ilikuja kwa simu, kurasa saba. Niliijaza usiku mmoja nyumbani kwa mama, Likoni, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya kitanda chake kwa sababu chumba chake ndicho pekee kinachoshika mtandao. Una pumu? Hapana. Umewahi kuzirai? Hapana. Umepiga mbizi mara ngapi? Zaidi ya 400. Je, unaelewa kwamba shughuli hii inaweza kukuua, na kwamba ikikuua hutamlaumu mtu? Weka sahihi hapa. Nikaweka, huku nikijiuliza maiti humlaumu mtu vipi. Mstari wa mwisho kabisa ukataka mtu wa kuarifiwa. Nikaandika jina la mama na nambari yake.

Mama alikuwa nyuma yangu akikunja kanga. Nilidhani hasomi.

"Huyo wa kuarifiwa," akasema, "aarifiwe nini?"

"Ni utaratibu tu, Mama."

"Utaratibu wa nini?"

Sikujibu. Akamaliza kukunja ile kanga, akachukua nyingine. "Mwanangu, hiyo roho unayoitilia sahihi ni yako peke yako?"

Ninaandika haya kujaribu kumjibu. Miezi minne imepita na bado sijapata jibu ambalo ningeweza kumwambia usoni.

*

Kwanza nieleze ninachoenda kufanya, maana hata wasee wa kazini wanaona ni wazimu.

Mimi huongoza wapiga mbizi kule Diani. Kazi yangu ni kuwapeleka watalii chini, kuwaonyesha kasa na chewa, na kuwarudisha juu wakiwa wazima. Katika mbizi ya kawaida kuna kitu kimoja kinachokusamehe makosa mengi: juu yako kuna hewa. Mambo yakiharibika kabisa, unapanda. Pengine utaumia, lakini jua utaliona.

Pangoni hakuna juu. Juu ni mwamba. Ukiharibikiwa mita 200 kutoka mlangoni, hewa iko mita 200 nyuma, kwenye njia ile ile uliyoingilia. Pengine ni giza. Pengine maji yamegeuka uji, kwa sababu pezi lako liligusa sakafu likatimua tope ambalo halikuwa limeguswa tangu enzi za mababu. Ndiyo maana mapango yana shule yake. Unafundishwa kupiga mapezi kama chura, ili maji yasukumwe nyuma, si chini. Unafundishwa kutandaza uzi kutoka maji ya wazi hadi uendako, usikatike hata hatua moja, na kuufuata kwa vidole wakati huoni kitu. Unabeba tochi tatu. Kwenye uzi unabana vishale vidogo vya plastiki, na vyote vinaelekeza kitu kimoja: mlango ulio karibu.

Kozi yangu itakuwa Afrika Kusini, kwenye mgodi wa zamani uliojaa maji kule Mpumalanga. Nimeweka pesa miaka mitatu. Kwa nini? Nimeulizwa sana. Mwamba wa pwani yetu ni wa matumbawe, na matumbawe yana mashimo. Kuna kijiji kizima kinaitwa Shimoni. Mtu akikulia juu ya mwamba wa namna hiyo, siku moja atataka kujua kuna nini chini. Sina sababu nzuri kuliko hiyo. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu mama hatakubali iishie hapo.

Sheria za mapangoni hazikutungwa na mtu aliyekaa ofisini. Mmarekani mmoja, Sheck Exley, mwalimu wa hisabati kule Florida, alizichambua ajali zilizowaua wapiga mbizi mapangoni, moja baada ya nyingine, kama anayesahihisha mitihani. Walikosea wapi? Mwaka 1979 akachapisha kijitabu chenye majibu. Hawakuwa na uzi wa kuwatoa. Hawakubakisha hewa ya kutosha ya kurudi. Walienda kina kilichowazidi. Karibu kila sheria tunayokaririshwa leo ina kaburi chini yake.

Exley mwenyewe alifia majini mwezi Aprili 1994, ndani ya shimo la Zacatón kule Mexico, akitafuta kina cha zaidi ya mita 300. Nalitaja mapema ili nisije nikajifanya kwamba kuijua sheria kunatosha.

*

Sheria iliyonikaa kichwani ni ile ya theluthi.

Chukua mitungi iliyojazwa hadi baa 210. Baa hapa ni kipimo cha presha, si ile ya mtaani. Gawanya kwa 3: 70, 70 na 70. Unaingia kwa 70 za kwanza. Geji ikisoma 140 unageuka, hata kama mbele yako kuna kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kuona. Unatoka kwa 70 za pili. Ukichomoza juu, una 70 ambazo hukuzigusa.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani hizo 70 za mwisho ni akiba tu, kama zile noti mama anazoficha ndani ya mkebe wa majani ya chai. Nikamwambia hivyo mwalimu wangu kwa simu. Akacheka.

"Fanya hesabu tena," akasema. "Mko mbali kabisa, mwisho wa safari. Kila mmoja ametumia 70. Sasa hapo hapo mpira wa mwenzako unapasuka, hewa yake yote inakwenda. Wewe umebaki na ngapi?"

"140."

"Wanaotaka kutoka ni wangapi?"

"Wawili."

"Kila mmoja anahitaji ngapi?"

"70."

Akanyamaza, akaniacha nisikie nilichosema.

Ile theluthi ya tatu si akiba yangu. Ni ya mwenzangu, mimi nimembebea tu. Na ya kwangu ameibeba yeye. Hesabu yenyewe inabana sana: inatosha tu ikiwa sote wawili tutatoka tukipumua kwa utulivu ule ule tulioingia nao, na mtu aliyeogopa hapumui kwa utulivu. Kwa hivyo wengi hubakisha zaidi ya theluthi. Lakini hata wakizidisha, maana haibadiliki. Unaingia pangoni ukiwa na mali ya mtu mgongoni.

Na chini ya mwamba hakuna Fuliza. Huwezi kubonyeza kitu ukakopeshwa pumzi tano utakazolipa mwisho wa mwezi.

Kuna mambo mengine mawili katika mafunzo haya ambayo yamenifanya nisimame, nikakaa chini, nikafikiri.

La kwanza: mitungi yetu isipolingana, mwenye hewa kidogo ndiye anayeamua safari itakuwa ndefu kiasi gani. Theluthi yake ndiyo inayohesabiwa kwa wote. Mwenye mtungi mkubwa haruhusiwi kusema, "Mimi bado niko sawa, twende." Bado uko sawa, ndiyo, lakini hujaulizwa wewe.

La pili: mwenzako akikosa hewa, humpi ile regyuleta ya ziada. Unamtolea ile iliyo kinywani mwako, yenye mpira mrefu wa kama mita 2, kisha wewe unachukua ya ziada iliyoning'inia shingoni. Kwa nini? Kwa sababu iliyo kinywani ndiyo pekee unayojua kwa hakika kwamba inafanya kazi wakati huo. Ya ziada unaamini tu kwamba inafanya. Na anayezama hapewi kitu cha kuaminiwa tu. Mimi nimelelewa nyumba ambayo tukiwapa watu nguo, tunawapa zilizopauka. Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza kwenye bwawa la kuogelea, mkono wangu ulienda shingoni wenyewe. Ulitaka kumpa mwenzangu ile ya akiba. Nililirudia mara 30 kabla mkono haujaelewa.

*

Sasa, mtu wa Nairobi atasoma haya aniambie: dada, hiyo ni falsafa ya watu wenye mitungi iliyojaa. Na atakuwa na haki. Mimi na wewe tunajua watu wanaoanza mwezi geji ikisoma 40. Kodi, karo ya mdogo wako, dawa za shosho, mchango wa matanga ya mtu ambaye hukumjua vizuri. Theluthi ya akiba itoke wapi?

Pangoni jibu ni rahisi: una kidogo, basi safari yako ni fupi, na hakuna aibu. Maishani hakuna anayekuruhusu kufupisha safari. Mwezi una siku 30 hata kama pumzi zako ni za siku 12. Hapo hesabu yangu inafika mwisho, na sitaki kujifanya kwamba ulimwengu ni pango.

Lakini sehemu moja ya sheria inavuka hata hapo. Mwenye hewa kidogo ndiye anayeamua. Sisi hufanya kinyume. Kwenye safari ya marafiki, bajeti hupangwa na mwenye mshahara mnono, na yule asiye nazo anatabasamu, anakopa, anakuja. Kwenye matatu, mwendo hupangwa na dereva mwenye roho ngumu, na shosho aliyeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili haulizwi kitu. Na mimi, kwenye meli moja iliyozama, nilifanya vivyo hivyo kwa mtu aliyeniamini.

*

Mnaijua methali hii kutoka darasa la nne: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tumeiandikia insha, tumepewa alama. Inasifiwa kwa sababu inafundisha kumaliza ulichoanza.

Katika upigaji mbizi wa mapangoni methali hiyo inaua. Sheria ya kwanza, inayotamkwa kabla ya kila safari, ni kwamba mtu yeyote anaweza kuikatisha safari wakati wowote, kwa sababu yoyote, na haulizwi kwa nini. Ishara yake ni kidole gumba kuelekea juu. Juu ya nchi kavu kidole hicho ni "poa". Majini maana yake ni "tumemaliza, tunatoka". Ishara nyingine zinaweza kujadiliwa: naweza kukuonyesha "twende kushoto", nawe ukanionyesha "hapana, kulia". Kidole gumba hakijadiliwi. Anayekiona anajibu kwa kidole gumba, na wote wanageuka.

Methali yenye busara ya pango ni nyingine, na nashangaa kwamba shuleni tuliipita haraka: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wahenga walizitunga zote mbili, kisha wakatuachia kazi ya kuchagua.

Tunachagua vibaya, na mara nyingi tunawachagulia wengine. Jioni ya Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama katika kivuko cha Likoni, ndani yake mama na binti yake wa miaka 4. Karibu wiki mbili zilipita kabla ya kuopolewa. Mimi nilikuwa nimeanza tu kujifunza kupiga mbizi, na mtaa mzima ulikuwa ukingoni mwa maji. Mtandaoni watu walikuwa wakali. Ati hawa wapiga mbizi wanangoja nini? Ati nchi nzima haina mwanamume? Mimi pia niliandika kitu cha namna hiyo, kisha nikakifuta.

Gari lilikuwa karibu mita 60 chini. Kikomo cha mbizi ya burudani ni mita 40. Katika mita 50 presha ni mara 6 ya iliyo juu, kwa hivyo mtungi unaokutosha saa nzima karibu na uso wa maji unakuishia kwa dakika 10. Nitrojeni iliyo kwenye hewa ya kawaida inakulevya kama pombe. Mkondo wa kivuko unavuta, na maji ni meusi. Watu waliokuwa wakizama pale, wa Jeshi la Wanamaji na wengine, wakiwemo waliotoka Afrika Kusini, walikuwa wakihesabu. Sisi juu tulikuwa tunataka shujaa. Uchungu wa ile familia ulikuwa wa haki. Ukali wetu, sisi tuliokuwa tumekauka, haukuwa wa haki.

Na kuna aliyekwenda. Mwaka 1994 kijana wa Afrika Kusini, Deon Dreyer, alifia ndani ya shimo la maji liitwalo Boesmansgat, mwili wake ukazama hadi mita 270. Miaka 10 baadaye Mwaustralia Dave Shaw akauona mwili huo akiwa katika mbizi yake, akawaahidi wazazi kwamba atamrudisha mtoto wao. Januari 8, 2005 akashuka. Chini kule akanaswa na nyaya, pumzi zikamzidi, akafa. Mwenzake, Don Shirley, aliponea chupuchupu. Siku chache baadaye, kamba zilipovutwa, miili yote miwili ikaelea juu. Shaw alitimiza ahadi yake.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado sijui niiweke wapi. Siwezi kumwita mpumbavu mtu aliyekwenda kuwafuta wazazi machozi. Lakini Shaw naye alikuwa na wake waliomngoja, na kilio kikahama nyumba moja kikaingia nyingine.

*

Sasa meli.

Nje ya ufuo wa Bamburi kuna meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002, imekaa kwenye mchanga kina cha kama mita 30. Nilishuka hapo siku ya mapumziko na mwenzangu wa kazini. Si mtalii, ni mtu aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua. Tuliitana kaka na dada bila utani. Tulikubaliana tukifika baa 100 tunageuka. Yeye ni mtu mkubwa, anapumua zaidi yangu. Alifika 100 nikiwa na 120. Akanionyesha kidole gumba.

Nilikiona. Hili ndilo ninaloandika hapa kwa mara ya kwanza. Siku zote nilisema sikukiona vizuri.

Mlangoni mwa ghala la meli kulikuwa na chewa, mkubwa kama mbuzi, amesimama tu ananitazama. Nilikuwa na kamera. Nikamwonyesha mwenzangu vidole viwili vilivyobanana: kidogo tu. Nikaingia. Bila uzi, bila tochi ya pili. Chewa akageuka, mkia wake ukapiga sakafu, au lilikuwa pezi langu, na ghala zima likawa maziwa yenye kutu.

Sikuona mlango. Sikuona mkono wangu. Tulitumia kama dakika 6 kutafuta njia. Nasema "tulitumia" kwa sababu yeye aliingia. Alikuwa na kila sababu ya kubaki nje, na aliingia, akanishika kifundo cha mguu, akanivuta kufuata ukuta. Tulipotoka geji yake ilisoma 20. Nikampa regyuleta yangu ya ziada, ile ya akiba, tukapanda tukishirikiana mtungi mmoja. Hatukusimama mita 5 kama inavyopaswa. Tulipochomoza, geji yangu ilikuwa chini ya 20.

Kwenye boti nilicheka. Nilisema, "Noma sana, kaka, lakini umemwona yule chewa?"

Hakucheka. Alivua mapezi yake polepole, akayaweka sawasawa, moja juu ya lingine. Akasema sentensi moja: "Nilikuonyesha kidole." Kisha hakulitaja tena. Hakunisema kwa bosi wala kwa wenzetu. Aliacha tu kushuka nami. Ratiba ikitupanga pamoja, anabadilishana na mtu. Mwaka mzima na zaidi.

*

Nimefikiri sana kwa nini kidole gumba hakiulizwi sababu. Mwanzoni nilidhani ni adabu tu. Sasa naona ni jambo zito zaidi.

Sababu huchelewa. Mwili hujua kabla ya maneno: kifua kinabana kidogo, mkono unatetemeka, kitu hakiko sawa. Ukimlazimisha mtu alete sababu kabla ya kugeuka, unamwambia angoje hadi hofu yake iwe na ushahidi. Na pangoni, ushahidi ukishapatikana, aghalabu muda umekwisha.

Pia, atakayeshindwa kujieleza kila mara ni yule yule: mgeni, mdogo, anayemheshimu mwenzake kupita kiasi. Mwenye uzoefu hata akisema "turudi" anasikilizwa. Sheria ya kutouliza iliwekwa kwa ajili ya yule ambaye angeona haya.

Na gharama hazilingani. Tukigeuka bure, tumepoteza safari. Tusipogeuka ilipotakiwa, hakuna safari nyingine.

Utasema, je, mtu akigeuka kila siku? Je, akiitumia sheria kukuchosha? Basi usishuke naye. Lakini hilo ni la kuamua nchi kavu, mkiwa na chai mkononi. Chini ukiona kidole, unageuka. Yule mwenzangu alinifanyia hivyo hivyo: hakubishana nami majini, alinitoa, kisha nchi kavu akaamua.

Mimi nilidhani nilikuwa nahatarisha roho yangu kwa ajili ya picha. Kumbe nilikuwa nimechukua theluthi yake. Aliponifuata mle ndani alikuwa analipa deni ambalo hakulikopa.

*

Hapa ndipo narudi kwa mama.

Kuna jibu ambalo watu wa mapango hupenda kulitoa. Mwaka 2018 watoto 12 na kocha wao walikwama ndani ya pango la Tham Luang, Thailand, na waliowapata wakiwa hai walikuwa Waingereza wawili, Richard Stanton na John Volanthen, watu waliopiga mbizi mapangoni kwa kupenda tu. Miaka yote hiyo pengine waliambiwa wanapoteza muda. Kisha siku moja dunia nzima ikawahitaji. Mpiga mbizi wa Thailand, Saman Kunan, alikufa katika kazi hiyo akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Watoto wote walitoka.

Ni jibu zuri, na nilikaribia kumpa mama. Lakini si la kweli kwangu. Mimi siendi Mpumalanga kumwokoa mtu. Naenda kwa sababu nataka kuona. Kuivalisha tamaa yangu joho la huduma ni kumdanganya mama, na mama hadanganyiki.

Jibu lingine ni la vijana wenzangu: ni maisha yangu. Hilo nalo sheria ya theluthi imelivunja. Hata ndani ya maji, mahali ambapo kila mtu amebeba mtungi wake, hewa yangu si yangu yote. Itakuwaje roho?

Nilicho nacho ni hiki. Mama aliponiuliza kama roho ni yangu peke yangu, hakuwa anasema nisiende. Angetaka kusema usiende angesema. Ni mtu wa Likoni. Alikuwa anauliza kama najua ni kiasi gani cha mtungi huu ni chake. Sijui ni kiasi gani. Najua tu kwamba kuna namba kwenye geji ambayo nikiifikia lazima nigeuke, na kwamba namba hiyo haikupangwa na mimi peke yangu.

Kama hilo linatosha kunipa haki ya kwenda, sina hakika. Fomu nimeituma. Jina lake liko pale pale.

*

Mwezi uliopita nilimpigia simu mwenzangu. Nilimwambia, "Kaka, siku ile nilikiona kidole." Kimya kilikuwa kirefu hadi nikaangalia kama bando limeisha. Kisha akasema, "Najua." Nikamwambia nahitaji mtu wa kunishikia uzi kwa mazoezi ya nchi kavu. Akasema atakuja Jumapili baada ya alasiri.

Mazoezi ya nchi kavu yanachekesha. Tulifunga uzi kutoka mwembe hadi mnazi, ukazunguka pembe ya choo, ukapita chini ya kamba ya nguo, ukaishia kwenye mlango wa jikoni. Unafungwa macho kwa kitambaa, unatengeneza duara kwa kidole gumba na cha shahada kuuzunguka uzi, unatembea. Mwenzako yuko nyuma, mkono wake juu ya mkono wako, na mnazungumza kwa mguso tu. Akikusukuma, nenda. Akikubana, simama. Akikuvuta, rudi. Watoto wa jirani walikuja wote. Mama alikuwa uani akikaanga viazi karai vya kuuza jioni, akajifanya hatuoni.

Tulipita mwembe. Tulipita mnazi. Nilisikia harufu ya choo, nikajua tumekata kona. Nilianza kusikia mafuta yakichemka, na nikajua mlango uko karibu, labda hatua sita. Nilikuwa nafanya vizuri.

Akanivuta.

Uzi ulikuwa sawa. Hapakuwa na kitu mbele. Nilikuwa naijua njia hiyo tangu utotoni. Vidole vyangu vikasita. Kisha nikageuka, nikaanza kurudi, kona, mnazi, mwembe, polepole, mkono wake ukiwa juu ya wangu, hadi tulipoanzia. Nikavua kitambaa. Watoto walikuwa wameshachoka na kuondoka. Yeye alikuwa anafuta jasho, anatazama kando.

"Mbona mmerudi na hamjafika?" mama akauliza kutoka uani.

"Amenivuta, Mama."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Hujamuuliza?"

"Sijamuuliza."

Mama alinitazama kwa muda, mwiko mkononi. Kisha akageuza viazi.